Mifagio ya Ukuta wa Mashariki

3 Machi, Jumatatu

Nimefika, na nimejikwaa. Jiwe la kuzuia mlango wa kaka yangu liko palepale lilipokuwa mwaka jana, na kidole kilekile ndicho kimelipata. Wifi alicheka mpaka akashika ukuta. "Pole, wifi yangu. Jiwe linakusalimu." Nikamwambia lina umri wa zaidi ya miaka bilioni mbili, limeshapata haki ya kutosogea. Akasema basi kwa ukaidi limemzidi kaka yangu kidogo tu.

Niandike wazi nimekuja kufanya nini, nisije nikajidanganya baadaye. Kilima kilicho nyuma ya nyumba hii kiko katikati ya duara la vilima, duara kubwa kiasi kwamba ukilizunguka kwa gari unamaliza siku. Mimi nasema ni kreta. Zamani hizo, kabla ya majani wala wadudu, kimondo kikubwa kama mlima kilianguka hapa. Wanajiolojia wenzangu wengi wanasema ni volkano iliyokufa. Ushahidi wangu mzuri kuliko wote uko machimboni, kwenye ukuta wa mashariki: koni ndani ya jiwe, kila moja na ncha yake, na mistari inayotawanyika kutoka kwenye ncha hiyo. Wachimbaji wanaziita mifagio. Volkano haiwezi kuzitengeneza. Na zikiwa bado mahali pake ukutani, ncha zake zinakuonyesha pigo lilitokea upande gani. Ukizibomoa, unabaki na mawe.

Machimbo yanakila kilima kuanzia magharibi, yanakigeuza kokoto. Kamati ya miamba inakuja Mei. Ukuta ukiwa umesimama siku hiyo, kilima kitahifadhiwa. Ukiwa umeanguka, basi tena.

Mkuu wa ulipuaji ni kaka yangu, ambaye tangu shuleni wanamwita Baruti. Nalala kwake, nala kwake, na nimekuja kumzuia kazi yake. Aibu ninayo, lakini njaa nayo ninayo.

5 Machi

Mvua. Nimeosha buti, nikatoka nje, nikaosha buti.

8 Machi

Wifi alikuwa anaosha vyombo. "Hebu niambie, kitu kikianguka si kinachimba shimo? Mbona nyie mnasema kimetoa kilima?"

Nimehudhuria semina nyingi na sijaulizwa swali zuri kama hilo. Nikachukua kiazi, nikakidondosha kwenye beseni. Maji yalibonyea, halafu yale ya katikati yakaruka juu yakamlowesha kifua. "Hicho ndicho kilima chenu," nikamwambia. Graniti ngumu hii, kwa dakika chache tu, ilitiririka kama uji. Iliyokuwa chini kabisa, kilomita na kilomita, ikapanda juu katikati ya shimo, halafu ikatulia vilevile ilivyosimama. Baadaye mvua na upepo vikakwangua shimo lenyewe, ikabaki mizizi yake. Na hiyo mizizi ndiyo mali. Kreta za mwezini unazitazama kwa juu tu. Hapa unatembea ndani ya tumbo la kreta kwa miguu yako, unauliza dunia ilipigwa vipi na ilijiponya vipi.

Wifi akajifuta. "Nimeelewa. Sasa kiazi changu kitoe humo."

12 Machi

Bwana Volkano amepiga simu. Ndiye mwenyekiti wa kamati, na jina hilo tumempa sisi vijana wake kwa sababu aliandika kwamba duara hili ni volkano kabla mimi sijazaliwa, na hajatoka hapo.

"Mwanangu," akaniambia, kwa ile sauti ya kumpa mtoto dawa, "hiyo mipasuko si ya kimondo. Ni ya baruti ya kaka yako. Mnalipua jiwe, jiwe linapasuka, mnaokota mipasuko mnaiita nyota."

Nikamweleza kwamba baruti hupasua jiwe kuzunguka tundu lake, haichori mifagio jiwe zima. Akasema, "Basi niletee kwatzi."

Hapo ananiweza, maana ni kweli. Kwatzi ni zile chembe nyeupe zinazong'aa ndani ya graniti. Pigo la kimondo huacha ndani ya chembe hizo mistari sambamba, myembamba mno, ambayo huioni ila kwa hadubini. Hakuna baruti ya machimbo inayofikia nguvu hiyo, hata ulipue ghala zima. Kwa hiyo anataka vitu viwili: kwatzi chini ya hadubini, na koni mahali pake, azione kwa macho yake. "Nikiviona vyote viwili, nitafuta kauli yangu," akasema, akakata simu kabla sijajibu.

Nimekasirika mchana kutwa. Atakuja hapa kwa barabara iliyomwagwa kokoto za kilima hiki. Ushahidi utakuwa unamgonga chini ya gari njia nzima.

13 Machi

Mvua. Daraja limefunikwa. Hakuna aliyekwenda popote.

19 Machi

Nimekwenda mjini kwa Msasa. Huyu ndiye fundi wa maabara anayekata jiwe, analigandisha kwenye kioo, kisha analisaga mpaka mwanga upite. Nilimpelekea vipande vitatu vya ukuta wa mashariki, nikiwa nimevifunga kama mayai.

Umeme ukakatika. Ukarudi. Mashine ikakataa. Akasema atamalizia kwa mkono. Nikakaa kwenye kiti chenye mguu mmoja mfupi nikimsikiliza anasugua, anatazama, anasugua, anatazama. Halafu akaacha kusugua.

"Vipi?"

"Limeisha."

"Limeisha kusagwa?"

"Limeisha, dada. Jiwe lenyewe ndilo limeisha." Akanionyesha kioo. Kilikuwa safi, hata sahani za wifi hazijawahi kuwa safi hivyo.

Kipande cha pili nacho kikaenda hivyohivyo. Cha tatu nimemwachia, nikamwambia asikiguse mpaka mashine ipone. Akaniapia. Kisha akasema jiwe langu linauma mikono, kana kwamba mimi ndiye niliyelipika. Nimerudi nimesimama nyuma ya lori la saruji, nimelowa chapa.

2 Aprili

Leo tumegombana mimi na kaka, kugombana kweli. Tulianza na chumvi, tukafika kwenye graniti.

"Ukishaufunga huo ukuta," akasema, "watu wangu niwapeleke wapi?"

"Vilima viko vingi."

"Kigumu ni kimoja. Vile vingine ni udongo umevaa koti. Unajua wewe kuliko mimi."

Ninajua. Kilima hiki ni kigumu kwa sababu kilitoka chini sana, na kilitoka chini sana kwa sababu ya kimondo. Sababu inayonifanya nikitake ndiyo inayowafanya nao wakitake. Nikasema neno ambalo singelisema kama nisingechoka: kwamba yeye maisha yake yote kazi yake ni kuvunja, hajui kutunza.

Akaweka kijiko chini. "Nakwambia mara moja tu. Huo ukuta siugusi mpaka hao wazee wako waje. Wakisema uhifadhiwe, utahifadhiwa. Wakikataa, usiniletee machozi." Akainuka.

Simwamini. Nimwandike hapa wazi: simwamini. Ahadi ya mlipuaji wakati barabara inadai kokoto, nani ataishika?

3 Aprili

Wifi ameniambia jikoni, bila kunitazama: "Kaka yako neno halirudii, lakini akilisema mara moja huwa amelisema." Mke lazima amtetee mumewe.

10 Aprili

Mvua. Nimepima koni nne, ngazi imeteleza, dira imeanguka matopeni. Ya tano nimeipima kwa kubahatisha, kisha nikaifuta.

13 Aprili, Jumapili

Siku ya kwanza ya maana tangu nije. Machimbo yalikuwa matupu, watu wamepumzika. Ukungu ulikuwa mzito, koni nilizozipima asubuhi nilikuwa nazipoteza nikishuka ngazi. Nikaingia stoo, nikakuta kopo la rangi nyekundu, nikazungushia kila mfagio duara. Ukuta mzima. Sasa hata Bwana Volkano na miwani yake ataziona akiwa mbali. Kesho kutwa nitakwenda kumwona Msasa, nikirudi nizipime moja moja bila haraka.

Nimerudi nimejipaka rangi hadi masikioni. Kaka alikuwa amelala mapema, ana homa. Nimelala kwa furaha.

14 Aprili

Kaka hajaamka. Anatetemeka chini ya mablanketi, na ufunguo wa kufyatulia baruti bado umo shingoni. Wifi alitaka kumvua ili amfute jasho, akakataa.

16 Aprili, Jumatano

Ngoja niandike.

Nilirudi kutoka mjini bila kitu (mashine ya Msasa bado), nikaenda machimboni moja kwa moja. Nilipopita kona nikaona waya. Ukuta wa mashariki ulikuwa na matundu, na kila tundu lilikuwa katikati ya duara langu jekundu, na kila tundu lilikuwa limetoa waya wa fataki, ile inayowasha baruti.

Naibu wa kaka alikuja ananikaribisha kwa tabasamu. Kule magharibi maji yamejaa, akaniambia, walikuwa wanajiuliza waende wapi, ndipo wakaona mkuu ameshawapakia rangi huku. "Tena amepaka vizuri safari hii. Tumetoboa jana, tumejaza leo. Tumemtuma mtu akachukue ufunguo."

Hapo ndipo nilipoelewa. Pale machimboni anayepaka nyekundu ni mtu mmoja tu, naye ni Baruti. Anapaka watu wakiwa hawapo, siku moja kabla ya kazi. Wakikuta duara jekundu, wanatoboa. Hawamuulizi, na yeye hapendi kuulizwa. Nimeishi nyumbani kwake msimu mzima nikimsomea mambo ya miaka bilioni mbili iliyopita, sikuuliza rangi yao ina maana gani.

Kaka alifika mwenyewe, amepakizwa kwenye pikipiki, koti la mvua juu ya nguo za kulalia. Akautazama ukuta. "Nani kapaka?"

"Si wewe, mkuu?" Naibu akauliza.

"Mimi," nikasema.

Akapitisha kidole kwenye duara moja. Akauliza, "Kwa nini nyekundu?"

"Ndiyo inayoonekana kwenye ukungu."

"Na sisi ndiyo sababu tunaitumia," akasema. Hakupiga kelele. Ningefurahi angepiga.

Ngurumo zilikuwa zimeanza upande wa magharibi. Kaka akawaambia wote waondoke mpaka nyuma ya kizuizi. Akachukua kijiti cha mbao na kijiko cha shaba, akapiga magoti kwenye tundu la kwanza, akaanza kuchokoa udongo uliozibia baruti. Naibu akanishika mkono. "Dada, hiyo kazi haifanywi. Tundu likishajazwa halichokolewi, linalipuliwa. Yeye mwenyewe ndiye aliyetufundisha. Na radi ikipiga karibu, haitasubiri ufunguo."

Nikarudi kule alikokuwa kaka. Naibu alinifuata hatua mbili, akaacha.

"Kaka, acha."

"Nilisema siugusi."

"Najua ulisema. Acha."

"Rudi nyuma, mdogo wangu. Nikishaondoa haya ya chini, ukuta wako utasimama." Alikuwa anatokwa na jasho la homa, kijiko kinagongagonga ukingo wa tundu. Na hapohapo, juu ya kichwa chake, kulikuwa na mfagio mzuri kuliko yote niliyowahi kuiona, mrefu kuliko mimi, ncha yake safi, nilikuwa sijaupima. Nilimwita mtu huyu mvunjaji. Nilimwandika humu kwamba simwamini.

Nikamwambia, "Lipua."

Akaacha kuchokoa. "Umesema?"

"Nimesema. Lipua, twende nyumbani, una homa."

Kisha akachomeka kijiti mfukoni, nikamwinua, akaniegemea mpaka nyuma ya kizuizi. King'ora kikalia. Akavua ufunguo shingoni. Watu hudhani ukuta ukilipuliwa unaruka. Hauruki. Unajikunja katikati na kushuka, kama mtu aliyeambiwa habari mbaya, na baada yake ni vumbi. Mvua ikaja ikalilaza vumbi. Kaka akasema, "Pole." Sikumwachia mkono.

17 Aprili

Mvua. Sitaki kuandika.

18 Aprili

Mvua. Homa ya kaka imeshuka. Nimejikwaa kwenye jiwe la mlango, nikalitukana, kisha nikalia kama mtoto, na wifi akasonga ugali bila kuniuliza kitu.

26 Aprili

Msasa amepiga simu: "Dada, njoo. Halijaisha."

Nimekwenda. Kipande kile cha tatu, mashine imepona, kioo kimekaa chini ya hadubini. Nikazungusha lenzi, chembe moja ya kwatzi ikaja, na ndani yake mistari, sambamba, imenyooka kama imepigwa rula. Nikazungusha tena. Seti ya pili ikakatiza ya kwanza. Kwenye chembe ya jirani, ya tatu. Hakuna volkano duniani inayofanya hivyo, na hakuna baruti ya kaka yangu.

Nilidhani siku hii ikifika nitapiga kelele. Nilikaa kwenye kile kiti kibovu nikawaza jambo moja tu, kwamba huo ukuta ulikuwa unasema kweli, na sasa haupo. Nilikuwa na furaha na nilikuwa na hasira, na hasira ndiyo iliyoshika usukani. Msasa akaninunulia soda. Yeye mikono yake imepona.

7 Mei

Kamati imekuja, na mvua nayo imewasindikiza hadi nyumbani kwa kaka, kwa sababu ndipo penye paa karibu na machimbo. Hadubini niliiweka mezani, wifi akaondoa vikombe.

Bwana Volkano alitazama muda mrefu. Aliondoa miwani, akatazama, akaivaa, akatazama. Chumba kizima tulikuwa tunasikiliza mabati. Mwishowe akasema, "Haya." Maisha yake yote ya kazi, na jibu lilikuwa neno moja. Nilimwonea huruma kidogo, sikutegemea.

Halafu akasema, "Sasa nionyeshe koni mahali pake."

Nikamweleza yote, rangi na yote. Kaka alikuwa amesimama mlangoni. Wajumbe wakatazamana, wakanong'ona, na uamuzi ukatolewa palepale, juu ya chai ya wifi. Duara litaandikwa kwenye ramani kuwa ni kreta ya kimondo. Kilima hakitahifadhiwa, kwa kuwa hakuna kilichobaki mahali pake cha kuhifadhi. Kazi machimboni iendelee.

"Ungetuita mapema, mwanangu," akasema Bwana Volkano.

Nimekuwa nikimwita tangu nikiwa mwanafunzi. Nilifungua mdomo nimwambie, wifi akanikanyaga mguu chini ya meza.

Wakati wa kutoka, Bwana Volkano akajikwaa kwenye jiwe la mlango. Nilifurahi, Mungu anisamehe. Akainama kulisogeza na hakuinuka. Akaligeuza, akapitisha kidole kwenye mistari ya upande uliofichwa chini, kuanzia kwenye ncha, mara kadhaa. Miaka yote mimi nalipiga teke, na ulikuwa mfagio mzima.

"Hili ni la ukuta ule?"

"La ule," kaka akasema. "Nilileta mwaka tuliojenga."

"Lilikaaje? Ncha ilielekea wapi?"

Kaka akafikiri. Niliona kabisa anavyotafuta. "Sikumbuki, mzee. Nililipendea mgongo wake bapa."

Yule mzee akalirudisha chini taratibu, akaenda garini. Kaka alibaki amelitazama.

12 Mei, Jumatatu

Jua, hatimaye. Matope yanaanza kupasuka. Mimi nilikuwa nimefunga mizigo.

Alfajiri kaka amegonga dirisha langu. "Vaa buti." Nikamwambia basi linaondoka asubuhi hii. "Kuna la mchana. Vaa buti."

Machimboni watu walikuwa wamesimama mbele ya ukuta wa kaskazini, uliofunguka juzi tu, walipomaliza kuzoa kifusi cha ule wa mashariki. Mpya, bado una unyevu. Kaka alikuwa ameshika makopo mawili. Akawaambia watu wake, na alisema mara moja tu: "Nyekundu, mnatoboa kama kawaida. Nyeupe, hakuna kugusa mpaka dada apime na aseme amemaliza. Atakuwa anakuja kabla ya kila mlipuko. Anayetaka kuuliza aniulize mimi." Hakuna aliyeuliza.

Akanipa kopo la nyeupe.

Sijaridhika, niseme ukweli. Uamuzi wa kamati umeshaandikwa, haurudi nyuma. Kila nitakachokipima kitalipuliwa. Kilima kitakwisha, na mimi nitabaki na karatasi zilizojaa nyuzi za dira. Bwana Volkano atakufa na jina zuri. Haya yote yananiuma na yataendelea kuniuma. Lakini nilipanda ngazi, na mifagio ilikuwepo, mingi, na kila ncha niliyoiwekea dira ilielekea upande uleule.

Nilizipima polepole. Jua likapanda. Basi la asubuhi likapita barabarani na kokoto zake. Chini yangu watu walikuwa wameegemea mashine zao, na kaka ameketi juu ya jiwe, ufunguo shingoni, mikono magotini.

"Mdogo wangu," akaita, "umemaliza?"

"Bado."

Akageukia watu wake. "Bado," akawaambia, na akaendelea kukaa.